Mkalimani wa Wagonjwa wa Kifua

Zeyana binti Soud alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Tabora. Likizo moja, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, daktari wa wodi ya kifua alimwomba amsaidie mgeni. Mgeni mwenyewe alikuwa mwanafunzi kutoka Denmark, binti aliyeitwa Birgit, aliyetumwa na chuo chake kuchunguza jinsi kifua kikuu kinavyozitia nyumba za watu umaskini. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, akahitaji mkalimani.

Zeyana aliijua wodi ile. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alilazwa humo, akitema damu. Alipona, lakini siku aliyotoka aliambiwa uchumba wake umevunjwa. Bimdogo, mama wa mchumba wake, alikwisha kusema mbele za watu kwamba nyumba yake haiingizi mke mwenye kikohozi. Mchumba mwenyewe, Nabhan, hakufungua mdomo. Baadaye akaozwa Amne, binti wa Igunga. Mlangoni kwa akina Zeyana hakuja mposaji mwingine.

Kazi ilimwingia moyoni. Wagonjwa walieleza, naye akatafsiri. Mzee wa Lusu aliuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine ili awalipe waganga, hata zizi likabaki tupu. Mama mmoja wa Tura alisemwa mvivu wa shamba la kijiji, kumbe pumzi hana. Birgit aliandika huku machozi yakimlengalenga.

Asubuhi moja aliingia mwanamume aliyekonda, kanzu inamwelea mwilini. Zeyana hakumtambua mpaka alipokohoa na kuweka mkono kifuani. Alikuwa Nabhan.

"Hujambo, Zeyana," alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Sijambo. Keti."

Birgit alianza maswali yake. Nabhan alijibu akitazama sakafu. Tangu biashara ya jumla ihamie kwenye ushirika, alikuwa amebaki na lori moja tu la kubebea mpunga wa Igunga. Aliogopa kwamba wateja wakimsikia anakohoa watamkimbia, akaficha ugonjwa karibu miaka miwili.

"Muulize," Birgit alisema, "kabla yake, kuna mtu wa karibu naye aliyewahi kuugua kifua?"

Zeyana aliuliza. Nabhan aliinua macho kutoka sakafuni.

"Mwambie yupo. Mwambie alipona."

"Alikuwa nani wake?" Birgit alitaka kujua.

Zeyana hakulipeleka swali lile kwa Nabhan. "Jirani," alijibu mwenyewe kwa Kiingereza, akamwomba Birgit aendelee na swali lingine.

Alipotoka nje alimkuta Bimdogo ameketi kwenye benchi la veranda, kikapu cha chakula mapajani. Alikuwa amezeeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bibi alimshika mkono, mkono ule ule ambao zamani asingekubali kuugusa. "Wewe ulipona. Nieleze, ulikula nini? Ulikunywa nini?"

"Nilidungwa sindano, mama, nikameza vidonge mwaka mzima na zaidi. Hakuna kingine."

"Yeye hataki vidonge. Anasema vinamchafua roho. Amne nimempeleka kwao na watoto, nyumba iko kimya. Njoo, Zeyana. Wewe atakusikia."

Zeyana alitaka kumwambia maneno aliyoyaweka tumboni miaka yote ile. Alimtazama bibi, akaona kidevu kinamcheza.

"Nitakuja," alisema.

Nabhan aliporuhusiwa kwenda nyumbani, Zeyana alipita kila alasiri. Alimwekea vidonge kiganjani, akasubiri ameze. Walizungumza habari za shule na za mvua. Siku moja tu Nabhan alisema, "Ilinipasa nimpinge mama siku ile."

"Meza dawa," Zeyana alimjibu. Hakuwa na hasira. Aliogopa tu kwamba akiliitikia neno lile hataweza kurudi kesho yake.

Kwa muda Nabhan alipata nafuu, akaanza kutoka kuketi barazani. Birgit aliondoka kurudi kwao akiamini mgonjwa amepona. Lakini mapafu yalikuwa yameliwa mno. Mvua za kwanza zilipoanza, damu ilimtoka kwa wingi, na kabla ya adhuhuri akakata roho.

Msibani Zeyana aliketi karibu na mlango, pamoja na majirani. Amne alikuwa ndani, amefunikwa kaniki, watoto wake wamekabidhiwa shangazi zao. Bimdogo alimwona Zeyana, akamwita ndani, akamsogezea mkeka karibu naye. Wanawake walitazamana.

Baada ya arobaini Bimdogo alituma mtu: Zeyana asiache kuja alasiri. Akaenda mara mbili. Mara zote mbili bibi alimmiminia chai, kisha akaanza: ningelijua, ningeliwaacha mkaoana, leo tungekuwa na wajukuu wengine hapa. Alisema hivyo kwa mapenzi, akimpapasa goti, na Zeyana akaiacha chai mpaka ikapoa.

Mara ya tatu hakwenda. Bimdogo alituma tena, na tena. Zeyana alimrudishia salamu nzuri, akasema shule imefunguliwa, watoto ni wengi, nafasi hana.