Bibi wa Kauri Aliyevunjika Shingo

Kuna poda fulani yenye harufu ya maua makavu. Juzi binti mmoja alijipaka karibu yangu katika saluni pale Ukunda, nami nikatoka nje, nikajifanya napokea simu. Sijamweleza mtu yeyote sababu yake. Ninyi nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa mpishi katika nyumba ya mwanamke mmoja wa Kizungu huko Diani, na shule zikifungwa nilifuatana naye, maana kwetu Msambweni hapakuwa na wa kunitazama. Usafi wa nyumba ulikuwa kazi ya dada Kanini, msichana wa Kikamba aliyeteremka pwani kutafuta riziki. Alikuwa mcheshi, akipiga deki huku akiimba nyimbo za kanisani. Alinisuka nywele nyuma ya jiko, na kila akipewa biskuti nusu ilikuwa yangu.

Chumbani mwa mwenye nyumba palikuwa na meza ya kioo, na juu yake vyombo vya kauri alivyotengenezewa nyanya wa nyanya yake, mke wa bwana mkubwa fulani wa Ulaya: kisahani cha pini, mkono mdogo ulioinua vidole vya kutundikia pete, na kikopo cha poda. Juu ya mfuniko wa kikopo alisimama bibi mdogo, kiuno chembamba, gauni limefura kama mwavuli. Ukimtazama ungedhani kuna mtu amemuudhi. Mama alinionya mapema: "Cha mtu mavi, Saumu. Tazama kwa macho, mikono nyuma."

Asubuhi moja mwenye nyumba alikuwa bustanini. Nikanyemelea ndani, nikafunua kikopo, nikajipaka poda shingoni kama bibi harusi. Niliporudisha mfuniko, bibi yule akagonga ule mkono wa pete. Kichwa kikakatika, kikabingirika hadi kwenye kitana. Nikakiokota, nikakipachika taratibu juu ya shingo, kikakaa. Nilitoka nikijisifu kwa ufundi wangu.

Haukupita muda, Kanini akaingia kupangusa vumbi, na mwenye nyumba nyuma yake akitafuta miwani. Kitambaa kiligusa tu. Kanini alikuja jikoni na kile kichwa kiganjani, kidogo kama punje ya mbaazi, machozi yakimtiririka.

"Mama Saumu, nimevunja! Sijui nimeshikaje. Nimevunja kitu cha watu!"

Mama alifungua mdomo kumpoza, kisha akaniona. Macho yake yakatua shingoni mwangu, yakabaki hapo. Alinivuta nyuma ya mlango wa stoo, akachovya ncha ya leso majini, akanisugua hadi ngozi ikawaka moto. Kisha akarudi kumenya vitunguu.

Mwenye nyumba hakugomba. Alisema tu kwamba hawezi kukaa na mtu mwenye mikono mizito. Alasiri hiyo hiyo Kanini alifungasha, akaja kuniaga, akanishika kidevu. "Usome, sawa? Usiwe kama mimi."

"Haya, dada," nikaitikia.

Mimi na mama hatukulitaja jambo hilo hata siku moja, hadi alipoingia kaburini, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Miaka mingi baadaye nilimkuta Kanini huko Lunga Lunga, anauza vitenge. Yeye ndiye aliyenitambua, akanikumbatia mbele za watu. Alimuulizia mama; nilipomwambia ameshafariki, alilia kikweli. Halafu akajifuta macho, akacheka.

"Unakumbuka kale kadoli? Tangu siku ile sikufanya tena kazi ndani ya nyumba ya mtu. Kwangu hata vikombe ni vya plastiki. Hii mikono, Saumu, Mungu aliniumbia mizito."

Nilichoweza kutoa ni "Pole, dada."

Utotoni niliamini nilimkosesha Kanini kazi tu, na kazi mtu hutafuta nyingine. Pale mbele ya vitenge ndipo nilipofahamu kwamba nilimfanya mtu aiogope mikono yake mwenyewe maisha yake yote, na kwamba hata pale pale neno langu moja lingemfungua. Yeye alikuwa akinikunjia kitenge, pindo juu ya pindo, kimenyooka bila kasoro. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante, nikaenda zangu.