Makaburi ya Ming'oko

Walisema sitaweza. Walisema sokoni Nachingwea, walisema Ruangwa kwenye mnada wa korosho, na kijijini kwetu, upande wa Ruponda, waliniambia usoni. "Wewe ndiye uliyelimaliza pori la kanisa," alinicheka shemeji yangu, "leo unataka kulifufua kwa karatasi ya chuo?" Karatasi hiyo ni stashahada ya misitu, niliyojisomesha mwenyewe kwa kubeba matofali, na imetundikwa sebuleni kwangu ndani ya fremu ya kioo. Sioni haya kuitaja. Ila shemeji hakusema uongo. Pori lile nililimaliza mimi, nikiwa na miaka kumi, kwa jembe fupi, katika kiangazi kimoja.

Lilikuwa nyuma ya kanisa, halizidi uwanja wa mpira, na harufu yake ilikuwa ya majani makavu yaliyofunikwa muda mrefu, kama chumba kisichofunguliwa. Mkongo ulidondosha mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu. Katikati ulisimama msolo, mti ambao wazee wa Kimwera waliuwekea unga wa maombi kabla kanisa halijajengwa. Hata wakati wangu, Jumatatu asubuhi, ungeukuta unga kidogo shinani. Hakuna aliyekiri kuuweka, na kuku wa katekista hawakuudonoa. Alfajiri walitoka humo mumbi watano, ndege weusi wakubwa wenye shingo nyekundu, wakitembea kwa mstari kama watu wanaotoka kuzika. Mmoja alinguruma chini kwa chini, kama mzee anayeongea ndani ya mtungi, mwingine akamjibu. Bibi yangu alisema wanazungumza Kimwera cha zamani, ambacho hata yeye hakukijua chote.

Chini ya miti hiyo iliota ming'oko, viazi vya porini vilivyotuvusha miezi ya njaa, Wakristo na Waislamu. Kila mtu aliruhusiwa kuchimba, kwa sharti moja, na Mzee Damiani, mlinzi wa kanisa, alilirudia kwa kila aliyeingia na jembe: "Mwili chukua. Kichwa rudisha kaburini, fukia, kanyaga." Kichwa ni sehemu ya juu, shina linaposhikia, ndiyo inayochipua tena mvua zikija. Shimo aliliita kaburi, nasi tulikuwa tumezoea.

Kiangazi kile kijana wa jirani alisifiwa kwa kuuza beseni mbili za ming'oko ya kuchemsha kwa siku. Mimi nilitaka tatu. Nikawa naingia porini saa sita mchana, Mzee Damiani akiwa amejilaza, na kwa kuwa kufukia kulinichelewesha, nikaacha kufukia. Vichwa nilivitupa juani. Niliuza beseni tatu, kisha nne, kila siku, mpaka mchana mmoja nyenze wote wakanyamaza kwa pamoja. Nikainua macho. Wale mumbi watano, ambao hawakuwahi kuja mchana, walikuwa wamesimama, kila mmoja kando ya shimo langu moja, wameinama wakitazama ndani. Hawakudonoa kitu. Wa karibu akanigeukia. Mumbi ana kope ndefu kama za bibi harusi. Alizipepesa mara moja, akahamia shimo lililofuata, na wenzake wakahama pamoja naye. Nilikimbia, nikaliacha jembe.

"Wamekuja kuhesabu," Bibi alisema nilipomsimulia.

"Kuhesabu nini, Bibi?"

"Makaburi, mume wangu. Wanamtafuta aliyezika hovyo." Alicheka, ila hakunitazama.

Alfajiri iliyofuata palikuwa kimya, mumbi hawakutoka, na ikawa hivyo siku zote. Mvua zikaja, na hakuna mng'oko uliochipua. Mwezi wa njaa ulipofika, Bibi alienda porini na kikapu akarudi nacho kitupu. Akainjika sufuria ya maji, akatia chumvi, akatuita kula. Hakunigombeza, hata siku moja.

Niliporudi na stashahada yangu, Bibi alikuwa kwenye kaburi lake, limefukiwa vizuri. Nilipita nyumba kwa nyumba hadi kijiji cha Chunyu nikiazima vichwa vya ming'oko. Bibi Asumini, jirani yetu wa karibu na msikiti, alinipa cha kwanza. "Nakuazima, sikupi," alisema. "Ukishindwa, nitakuimba harusini." Nyumba kumi na mbili ziliniazima. Nilipanda, nikazungushia miiba ili ng'ombe wa wafugaji wasiingie, na msimu wa tatu ming'oko ilikuwa imetambaa hadi matawi ya msolo. Nionyesheni afisa yeyote aliyewahi kufanya hivyo bila gari la ofisi!

Siku ya kurudisha nilizunguka kwa miguu, kila nyumba kichwa chake na beseni la ming'oko juu yake. Shemeji alikula, na nilikaa makusudi mpaka akamaliza. Bibi Asumini alikuwa wa mwisho. Alikipima kichwa mkononi.

"Umemaliza wote?"

"Wote, Bibi."

"Haya. Pitia kanisani ukienda kwako."

Hakusema kwa nini. Nilifika saa sita mchana, na nyenze wakanyamaza. Chini ya msolo alisimama mumbi, mahali pekee ambapo sikuwa nimepanda kitu, ameinama. Lilikuwa shimo langu la kwanza, bado limebonyea, limejaa majani. Zamani walikuwa watano, nami nilikimbia. Sasa alikuwa mmoja, nami nilitembea taratibu hadi nyumbani, nikang'oa kile kichwa kizuri nilichokiotesha kwenye ndoo barazani ili wageni wakisifie, nikarudi. Hakuwa amesogea. Nilichimba mbele yake, nikakirudisha kichwa, nikafukia, nikakanyaga. Alipepesa kope mara moja, akageuka, akaondoka bila kutazama chini tena. Ndipo nikawa nimewalipa wote.