Kompyuta Yenye Muhuri

Hivi, kwa nini mtu akiambiwa kosa ni lake hukimbilia kutafuta wa kumbebesha?

Nauliza kwa sababu ya mjomba wangu, ambaye mtaa mzima humwita Mzee Muhuri. Alitunza majalada katika ofisi ya umma miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akahama na tabia zote. Nyumbani kwake hata kopo la sukari lina lebo. Kompyuta ya sebuleni ameiziba ubavuni kwa ukanda wa karatasi wenye saini yake na muhuri, asiifungue mtu.

Kompyuta hiyo ina mifumo endeshi miwili. Ukiiwasha, inakuuliza unataka upi. Mjomba hutumia ule wa zamani kuandikia barua za malalamiko. Binti yake hutumia ule wa bure niliomwekea mimi. Siku moja binti akanipigia simu: kesho yake saa tatu asubuhi ana usaili wa kazi ya ukalimani kupitia intaneti, na kila akiiunganisha, sauti inakufa. Mkalimani asiyesikia atafasiri nini?

Nilipofika mchana, Mjomba alishatoa hukumu.

“Mfumo wa bure, akili za bure,” akasema. “Kwangu sauti haijawahi kugoma.”

Nikawasha mfumo wake, nikauunganisha na intaneti, jambo ambalo yeye hakuwahi kulifanya. Sauti ikafa palepale. Akadai nimeuambukiza.

Nikamweleza kwa lugha ya ofisini kwake. Ndani mna kadi ya sauti na kadi ya mtandao. Kila moja ikitaka kuhudumiwa, huupigia kengele ubongo wa mashine. Hizi mbili, alizozichomeka kwa mikono yake, zinatumia kengele moja. Ikilia, ya mtandao inasikilizwa, ya sauti inaachwa mlangoni kama raia aliyekuja kuulizia jalada lake. Dawa ni kuihamishia ya sauti kwenye nafasi nyingine, ipate kengele yake. Nafasi tupu ipo.

“Ile ni ya akiba,” akasema.

“Akiba ya nini, Mjomba?”

“Akiba haiulizwi ya nini. Ikiulizwa, inakwisha.”

Nimepanga foleni katika ofisi nyingi zenye viti vya akiba namna hiyo, vitupu kabisa, na wajawazito wamesimama.

Binti alimbembeleza hadi alasiri ndipo akauchana ukanda, uso umemkunjamana kana kwamba anapasuliwa yeye. Nikahamisha kadi huku binti akinimulikia kwa simu. Tukajaribu mifumo yote miwili: intaneti ipo, sauti ipo. Nikalala pale.

Asubuhi, saa tatu kasorobo, binti akaiwasha, akaiunganisha na intaneti. Kimya. Ubavuni palikuwa na ukanda mpya, gundi haijakauka. Mjomba alikuwa ameamka alfajiri akairudisha kadi pale pale pa zamani.

“Kila kitu mahali pake,” akasema, akikoroga chai. “Yale yalikuwa matengenezo ya muda.”

Binti akachomoa waya wa umeme, akaleta mkasi na bisibisi.

“Hiyo ni saini yangu,” Mjomba akasema.

“Naijua, Baba. Ipo kwenye ripoti zangu zote za shule.”

Akaikata katikati. Nikanyoosha mkono kumsaidia, akausukuma. Akaihamisha kadi mwenyewe, kama alivyoniona jana yake. Saa tatu kamili sauti ya mwanamke ikatoka kwenye spika, ikamuuliza habari za asubuhi, naye akaitikia. Nyuma yake, Mjomba alikuwa ameviokota vile vipande viwili, anajaribu kuiunganisha saini.