Mawese Yaliyosingiziwa

Siku kaka yangu Rashidi aliponishushia madumu ya mawese pale Mwandiga, mbele ya abiria na wauza ndizi, bado naikumbuka, mwanangu, na bado inanikera. Nilikuwa binti ninayeanza maisha, nanunua mawese Simbo na kuyauza sokoni Mwanga. Gari la kunibebea lilikuwa la kaka huyo huyo, tumbo moja.

"Zaituni, umeniulia gari!" alifoka. "Tazama lilivyolala!"

Kweli lilikuwa limelala. Nyuma kushoto bodi ilikaribia kugusa tairi, na chini palikuwa na mchirizi mwekundu. Gari lenyewe lilikuwa la aina ile inayojinyanyua: pampu inasukuma mafuta kwenye mabomba mpaka kila gurudumu, unabonyeza kitufe linapanda, unabonyeza linashuka. Sasa lilikuwa linashuka bila kuombwa.

Kaka alikuwa amemsikiliza kila mpita njia. Mmoja alisema springi, akabadili springi. Mwingine akasema bushi, akabadili bushi. Wa tatu akasema mafuta yamepungua, akamimina mafuta ya gia, eti ndiyo yaliyokuwepo dukani! Nachoka hata kusimulia. Waliposhindwa wote, wakasema ni mawese ya Zaituni, yanamwagika na kuozesha mipira ya uvunguni. Watu hupenda kusema lisemwalo lipo. Hili lilisemwa, na halikuwepo.

Tukanuniana. Nyumbani yeye akiingia, mimi natoka, na mama yetu katikati anabaki na sufuria ya ugali.

Halafu siku moja kaka akampakia mama kwenda msibani. Kwenye mteremko gari likalala ghafla, tairi likasugua bodi, likavutwa pembeni mpaka mtaroni. Mama akaumia goti. Na siku hiyo, mwanangu, ndani ya gari hapakuwa na hata kijiko cha mawese! Unajua kaka alisema nini? "Ni yale ya zamani bado yanachuruzika."

Mama, mguu umefungwa kitambaa, akatuamuru sote wawili twende Ujiji kwa Fundi Byamungu, mzee ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya ziwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Gari lina nini?"

"Ni huyu dada yangu..." kaka akaanza.

"Nimeuliza gari."

Nami nikadakia, "Mzee, huyu hasikii, tangu..."

Fundi akaweka spana chini kwa kishindo. "Juu ya nini munanipigia kelele? Miye natengeneza magari. Mukitaka hakimu, mahakama haiko mbali."

Fundi akaosha uvungu wote wa gari kwa sabuni, akaukausha, akatandika boksi chini. Akamwambia kaka awashe, anyanyue gari, kisha aje achuchumae. Tukachuchumaa. Hakikutoka kitu. Kaka akafungua kinywa, fundi akainua kidole. Tukasubiri. Ndipo tone likatoka kwenye bomba la chuma lililoliwa na kutu, juu ya tairi. Likafuatwa na jingine.

Fundi akalikinga kwa kidole, akaninyooshea. "Wewe muuza mawese, haya ni mawese?"

Yalikuwa mekundu, ndiyo, lakini mepesi, na yalinuka mashine. Mawese yangu saa ile ya asubuhi huwa mazito, yameanza kuganda. Nikasema siyo. Kaka akanusa. Akanusa tena. Akatazama pembeni.

Bomba likabadilishwa. Mafuta yote yakamwagwa, yakatiwa yanayostahili, upepo ulioingia ndani ya mabomba ukatolewa, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka mapovu yakaisha. Gari likapakiwa mawe ili lijaribiwe, likaachwa pale gereji usiku kucha. Kesho yake tulilikuta limesimama sawa. Ila pampu ilikuwa imeshaumizwa na yale mafuta ya gia, ikakoroma mpaka gari lilipouzwa. Na goti la mama halikurudi lilivyokuwa.

Kaka alikuja alfajiri, akayapakia yeye mwenyewe madumu yangu. Nikamwambia sipandi mpaka aseme kosa lake. Akakuna kichwa weee, mwisho akasema, "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikusingizia." Ndipo nikapanda.

Basi sikiliza, maana jana nimekusikia ukimfokea mkeo kabla hujajua kilichotokea, na nilitamani nikutie kofi. Kitu kikiharibika, usianze kutafuta mtu. Osha, kausha, chuchumaa, utazame kinapovujia. Usitibu kwa kubahatisha, maana dawa isiyo yake ni ugonjwa wa pili. Na ukishagundua kwamba umesingizia, sema kwa mdomo; kubeba madumu hakutoshi. Hasira hasara, na wenye kuilipa hasara hiyo mara nyingi si wenye hasira.

Nenda, mwanangu. Mola akupe subira ya kutazama kabla ya kunena, akutunzie mkeo na nduguzo, na nyumba yako isimame wima siku zote.