Ndoto za Wanaoacha Sigara

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa tabibu mvuta sigara, na nilidhani hakuna mgonjwa aliyejua. Nilivutia nyuma ya jengo la kufulia la kituo chetu cha afya hapa Kilosa, mashuka yaliyoanikwa yakinificha. Nikimaliza nilinawa mikono kwa sabuni, nikatafuna karafuu, nikarudi chumbani kusikiliza vifua vya watu. Asubuhi za kipupwe ukungu hushuka kutoka milimani hadi kwenye kamba za nguo, na moshi wangu ulikuwa ukiingia ndani ya ule ukungu mpaka usijue upi ni upi. Nilisimama pale nikitazama weupe ule unavyosogea, mwili mwepesi, kama mtu ambaye hajaamka sawasawa. Saa nyingine nadhani nilikuwa naipenda ile dakika kuliko sigara yenyewe.

Kisha nikapelekwa Morogoro kwenye mafunzo ya kuwasaidia watu kuacha tumbaku. Hakuna aliyeniuliza kama navuta. Nilirudi na kitabu cha mwongozo, boksi dogo la mabandiko ya dawa, yale ya kubandika begani ili kiu ya sigara ipungue kidogo kidogo, na barua ya kuniagiza nianzishe kliniki. Nikachagua siku ya Alhamisi.

Alhamisi ya kwanza walikuja wawili tu. Mmoja alikuwa mzee wa Kidete, mstaafu wa reli, ambaye kwa maisha yake yote ya kazi alikuwa akipokea treni na kuziruhusu ziende. Wanawe ndio waliomsukuma aje. Wa pili alikuwa bibi wa jamii ya wafugaji kutoka Tindiga, mrefu, kajifunga mashuka mawili, kikohozi kimemkondesha uso. Tulikuwa tumempima kifua kikuu mara mbili, hana. Tatizo lake lilikuwa kiko, alichoanza kuvuta tangu hajaolewa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Nikamsalimu na mzee, nikafungua kitabu, nikaanza kueleza moshi unavyoyaharibu mapafu. Sikufika mbali. Bibi alininyooshea mkono.

"Daktari, sogea hapa."

Nikasogea. Akashika kola ya koti langu jeupe akainusa polepole, kama mtu anavyonusa kibuyu kujua maziwa yamefikia wapi.

"Wewe unavuta," akasema.

Mzee wa reli alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Mimi nilihisi masikio yananiwaka. Ningeweza kusema ni harufu ya mgonjwa aliyetoka, na nilishafungua mdomo kusema hivyo. Lakini alikuwa ananitazama bila hasira, na macho yake yalikuwa macho ya mtu aliyechoka kukohoa.

"Ndiyo, bibi. Navuta."

"Leo?"

"Mbili."

"Sasa unanifundisha nini?"

Nikafunga kitabu. Treni ya mizigo ikapita mbali, na mzee akageuza kichwa kuisikiliza hadi ikapotea. Ndipo bibi akasema, "Mimi siachi peke yangu. Tuache wote watatu, siku moja."

Tukapanga Jumatatu iliyofuata. Siku hiyo ya Jumatatu bibi alikuja asubuhi akanikabidhi kiko chake kimefungwa kwenye kitambaa, nikakifungia kabatini. Mzee nilimbandika dawa begani. Bibi alikataa bandiko. Alisema ngozi yake si bahasha. Mimi nilitupa pakiti yangu chooni, na jioni nikamweleza mke wangu kila kitu, tangu sigara ya kwanza niliyovuta chuoni.

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," alinijibu, akaendelea kupeta mchele.

Wiki ya kwanza ilipita kama homa. Nilimwandikia mgonjwa dawa, kisha nikasahau kama nimemwandikia. Kitabu kilisema tamaa ya sigara ikija, ngoja dakika chache, kunywa maji, tembea. Basi nilikunywa maji mengi na kutembea sana. Nilikwenda hadi Mto Mkondoa nikasimama kutazama maji yake ya rangi ya chai yakizunguka nguzo za daraja, nikarudi.

Wiki ya pili zikaanza ndoto. Niliota nimekaa katikati ya mashamba ya mpunga, maji yanafika kifuani, na kila suke la mpunga lilikuwa na ncha inayowaka kama sigara, maelfu yake, hayazimiki na maji. Nikavuta moja. Nilisikia ladha yake kabisa. Niliamka nimejawa na aibu, nikanusa vidole vyangu. Havikuwa na harufu yoyote.

Alhamisi nikaona haya kuisimulia, lakini nikauliza kwa mbali: "Kuna anayeota?"

Mzee wa reli akaweka kofia magotini. "Mimi naota niko stesheni. Treni inakuja bila taa, bila honi. Inasimama mbele yangu, mlango unafunguka, ndani hamna watu, moshi mtupu. Na mimi napanda, daktari. Kila siku napanda."

"Bibi?"

"Ng'ombe wa marehemu mume wangu wanarudi zizini," alisema. "Wote, hata waliokufa kwa ukame. Na yeye anatembea nyuma yao anavuta kiko changu. Namwomba, hanipi."

Hakuna aliyecheka. Baadaye nilielewa kwamba kitabu kilikuwa kinajua habari hiyo, kiliitaja kwa mstari mmoja: anayeacha anaweza kuota anavuta. Lakini kuanzia siku ile sikuanza tena kliniki kwa kuuliza umevuta ngapi. Niliuliza umeota nini. Na watu, ambao wangenidanganya kuhusu idadi ya sigara, ndoto zao walizisema kweli. Kufikia mwisho wa masika tulikuwa tisa, wakulima kadhaa wa Chanzuru wakiwemo, na mtu akipita dirishani angedhani ni kikundi cha maombi.

Mwezi wa pili wa kuacha kwangu, nilitumwa Mikumi pamoja na afisa afya. Sheria inayokataza kuvuta sigara sehemu za watu wengi ipo siku zote, ila kwenye stendi ya pale kila mtu alivuta alipotaka. Asubuhi tulipigilia vibao, kimoja kwenye nguzo ya banda la mama lishe mmoja, tukaitisha mkutano wa wafanyabiashara ufanyike wiki mbili baadaye. Afisa akaondoka na gari lake kwenda upande mwingine. Mimi nikabaki kungoja usafiri wa kurudi Kilosa.

Lilikuwa joto la mchana. Malori yalipita yakielekea Iringa, moja baada ya jingine, na barabara upande wa hifadhi ya wanyama ilikuwa inacheza kwa mvuke, kama kuna maji yanatiririka juu ya lami. Ndani ya mvuke ule niliona twiga, au nilidhani nimeona, miguu yake haigusi chini. Dereva wa lori aliyekaa jirani yangu kwenye benchi akatoa pakiti, akanikaribisha kwa heshima. Mkono wangu ukanyooka. Naapa sikuuamuru. Nilikuja kujishtukia nimeshavuta mara tatu.

"Daktari," mama lishe aliniita kutoka kwenye sufuria yake ya maharage, "kile kibao mlichoniwekea asubuhi kinasema nini?"

Nilidhani ananisuta. Nikamtazama, nikaona hasuti.

"Nauliza tu. Mimi kusoma kunanishinda."

Ilinibidi nimsomee, sigara ikiwa mkononi. "Kinasema, ni marufuku kuvuta sigara hapa."

"Kumbe," alisema. Akanitazama mkononi, akanitazama usoni, akarudi kwenye maharage yake. Laiti angenitukana.

Alhamisi iliyofuata niliwaeleza wenzangu wa kliniki. Nilitaka kumkabidhi kliniki mtu mwingine, na hilo nikalisema pia. Bibi wa Tindiga alikuwa amekaa karibu na mlango.

"Ulivuta ngapi?"

"Moja, bibi. Na sikuimaliza."

"Mimi nilivuta juzi," akasema. "Kiko cha jirani. Nilikuwa nangoja nani aseme kwanza." Kisha akawageukia wengine. "Nani mwingine?"

Mikono minne ikapanda. Tukaanza kuhesabu siku upya, pamoja, na kwa mara ya kwanza niliona watu wanatoka kliniki yangu wakiwa wepesi kuliko walivyoingia.

Kwenye mkutano wa Mikumi nilikuwa na hotuba iliyoandikwa. Wafanyabiashara walikuwa wamekuja kupinga. Mmoja alisema wasafiri wakikatazwa kuvuta watateremka kula kwingine. Nikaikunja karatasi, nikawaambia juu ya lile benchi, na sigara, na maharage. Nilisema kibao peke yake hakikunizuia mimi niliyekipigilia, hivyo sikuja kuwadanganya kwamba kitawazuia wao. Nilichoomba ni wavutaji watengewe mahali pao nyuma ya stendi, mbali na chakula na majani makavu, na kila anayetaka kuacha aelekezwe kwetu.

Mama lishe akasimama. Alizungumza taratibu, mikono ameifunga kwenye khanga.

"Ninyi mnapita. Mimi nakaa hapa kuanzia alfajiri. Wateja wanavuta, mimi nameza. Binti yangu ana mimba, tunapika naye, naye anameza. Mbona hilo hamjalipinga?"

Walibishana kidogo baada ya hapo, lakini kwa sauti ya chini. Mwisho walikubali, na wenye maduka wakaahidi pia kutowauzia wanafunzi. Si wote wameshika ahadi. Nikipita huko bado naona pakiti zilizofunguliwa juu ya meza, sigara zinauzwa moja moja, na tunarudi kuzungumza.

Bibi aliacha kabisa. Kikohozi hakikwisha, mapafu yakishaharibika hayarudi yote, lakini alipata nguvu ya kutembea. Msimu mmoja wa kiangazi nilikwenda kumjulia hali Tindiga, nikakuta ametoka na ndama, nikamngoja mpaka vumbi la dhahabu lilipojitokeza upande wa magharibi na yeye ndani yake, anakuja bila haraka. Nilimuuliza kama bado anamwota mumewe. Alisema anamwota, ila siku hizi mume anatembea mikono mitupu.

Mzee wa reli hakufaulu. Alikuwa akivuta sigara ishirini kwa siku, sasa ni tatu, na hapo amekwama. Mabandiko yakiletwa nambandikia. Yakiisha tunaongea tu. Alhamisi iliyopita alikuja mapema kuliko wote, akapiga hodi, nikamwamkia, akaitika, akakaa. Akasema ameamua kujaribu tena kuacha, safari hii baada ya mavuno, akataja tarehe, na akaniomba niiandike kwa maandishi makubwa, kwa sababu macho yake siku hizi yanamdanganya.