Majibu Mawili Niliyotoa Beni

Simu ilinikuta kibarazani kwangu Butembo, nimevaa sweta mbili, nachambua maharage. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu nistaafu ukunga, na kazi yangu kubwa ilikuwa hiyo ya maharage na kugombana na kuku wa jirani. Aliyepiga ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya pembeni mwa Beni, mwanamke niliyemfundisha mwenyewe kuzalisha, tangu zile siku ambazo akiona damu anakimbilia nje. Ilibidi arudie maneno yake mara tatu. Nikalaumu mtandao.

"Mama, tuko na shida. Bamama ba kutoka Eringeti banakimbia vita, banajaa hapa, na ba-accoucheuse babili ba kuzalisha banaenda. Nabaki na moja tu. Rudi utusaidie, hata miezi sita."

Nikamjibu kwamba nitafikiria. Uongo mtupu, moyo wangu ulikuwa umeshafunga virago. Siku ya kuniaga nilipostaafu walinipa misa, kitenge na hotuba ndefu, wakaniambia nipumzike. Nipumzike hadi lini, hakuna aliyesema. Wanawake niliowapokelea watoto wao walikuwa bado wananisalimu sokoni, lakini haraka haraka, huku wanapita. Nilichoka na kupumzika, nasema kweli, nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka na zamu.

Binti yangu, ambaye ninaishi naye, alikuja juu. "Mais mama, batu banatoka kule banakimbia, weye ndiyo unaenda? Na masikio yenyewe ile? Radio unafungula mpaka bajirani banalalamika!"

Nikamwambia masikio yangu ni mazima, ila watu wa siku hizi wanaongea huku wanatafuna. Hakucheka. Tukakubaliana niende siku moja tu, nione kazi ilivyo, nitoe jibu langu huko huko, kisha nirudi.

Nilipanda taksi asubuhi. Tulivyozidi kuteremka kwenye joto la Beni nikavua sweta moja, kisha ya pili. Kwenye kizuizi mwanajeshi aliinamia dirishani akaniuliza jambo kwa Kilingala. Abiria mwenzangu akanigusa, akasogea karibu na uso wangu akaniambia kwamba naulizwa ninakoenda. "Naenda kazi," nikajibu. Nilikuwa sijatamka neno hilo kwa miaka mitatu. Niliketi vizuri zaidi baada ya hapo, kifua mbele, mpaka Beni.

Kituoni kulikuwa na akina mama hadi nje kwenye majani. Ile mashine ndogo ya betri ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni ilikuwa imekufa, kwa hiyo walikuwa wamerudia kipembe cha mbao, chombo changu mimi. Na walikuwa wanakitumia kwa mtindo wangu. Katika maisha yangu yote ya kazi, nikishaweka sikio kwenye kipembe, kidole changu kimoja kiligonga juu ya mkono wa mama kufuata mapigo ya mtoto. Mama hasikii kitu mwenyewe. Kidole ndicho kinachomwambia kwamba mwanawe yu hai. Wote niliowafundisha waliuchukua mtindo huo, na akina mama wa pale walikuwa wameuzoea, wakilala tu wananyoosha mkono.

Wa kwanza niliyepewa alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa ametoka Eringeti, ameacha shamba lake la kakao likiwa na matunda. "Tangu juzi iko inatulia sana," alisema, akajilaza, akanipa mkono wake.

Niliweka kipembe, nikainama. Kimya. Nikasogeza kushoto, nikasogeza chini ya kitovu, nikakandamiza mpaka akakunja uso. Kimya kile kile. Sikujua kama kilikuwa kimya cha tumbo lake au cha kichwa changu. Na mkono wake ulikuwa unangoja, kiganja chini, vidole vimetulia.

Kidole changu kikaanza kugonga. Sikukiamuru. Kiligonga mwendo ule wa haraka kinaoujua, na yule mama akafumba macho, akasema, "Asante Yesu." Habari mbaya nimewapa wanawake wengi, nikakaa nao wakilia. Kumdanganya mmoja wao, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza, na nilitamani ardhi ipasuke.

Nilitoka nikamvuta muuguzi mkuu kwenye korido. "Nenda umusikilize yule. Mimi sikusikia kitu."

Aliingia bila kuuliza. Nilibaki mlangoni nimeshika fremu. Akainama. Kidole chake hakikusogea. Akahamisha kipembe mara moja, mara mbili. Nilianza Salamu Maria nikapotea katikati. Ndipo kidole chake kikaanza kugonga, taratibu, kisha sawasawa. Mtoto alikuwa hai.

Nyuma ya jengo, kwenye pipa la maji, nilimwambia kila kitu: kidole, uongo, masikio. Aliinamisha kichwa.

"Haizuru, mama. Ukuye tu. Mimi nitasikiliza, weye utabashika mikono. Bakikuona, banatulia."

"Na siku utakuwa unazalisha mwengine, na mimi niko peke yangu na mutu kama yule?"

Alijifuta macho kwa mkono wa blauzi. Hakuwa analia, alikuwa na usingizi wa siku nyingi. "Basi nani?" akaniuliza. "Uniambie, mama. Nani?"

Nilimwambia hapana, siwezi kurudi, na nikalia mimi. Yeye hakuwa na nafasi ya kulia, walikuwa wanamwita ndani.

Nilipokuwa natoka, yule mama wa Eringeti alikuwa ameketi kwenye benchi la nje anamenya ndizi. Akasimama, akanishika mkono ule ule.

"Mama, siku yangu ikifika, ni weye utanipokea, hapana?"

Aliniangalia usoni huku anasema, kwa hiyo nilimwelewa vizuri. Ningeweza kumwambia ukweli. Ni maneno matatu tu, na dereva wa taksi alikuwa bado anatafuta abiria.

"Ni mimi," nikamjibu.

Binti yangu alifurahi sana. Hadi leo anawaambia watu kanisani kwamba mama yake siku hizi anasikiliza ushauri, nami namwacha aseme. Simu kutoka Beni haijalia tena. Asubuhi ya leo nimehesabu kwa vidole, nikarudia ili nisikosee: ile mimba imetimiza miezi tisa. Huenda sasa hivi yuko kwenye kitanda kile, ananiulizia.