Machozi Niliyoyahesabu Mwenyewe

Mi ni fundi cherehani wa Bukavu, lakini hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, tangu vita itukimbize, bantu bananijua zaidi kwa kalamu. Asiyejua kuandika ananiletea shida yake, namwandikia barua ya kuomba msaada. Na mi sipendi barua kavu. Mtu akiomba blanketi, naongeza machozi. Akiomba jembe, naongeza machozi na mayatima.

Basi akaja mwalimu Mmalawi kutoka Lilongwe. Alitaka kuchambua maudhui ya barua hizo, yaani kuhesabu maneno yanayorudi-rudi ili ajue wakimbizi wanawaza nini. Kiswahili hakukijua, akatafuta msaidizi msomi anayejua na Kiingereza. Nani tena kama si mi? Nikahesabu juma zima. Machozi yakashinda vita, yakashinda hata njaa. Mwalimu alishangaa, tena akasifu jinsi wakimbizi wote walivyo na mwandiko mmoja mzuri.

"Ni shule za Kongo," nikamwambia.

Akanipeleka Lilongwe nimkalimanie mbele ya walimu wenzake. Akamleta pia Mama Riziki, mkulima wa Fizi, akaomba nisome barua yake. Nikasoma, nikatafsiri, kwa sauti ya mchungaji: "Machozi yangu yamejaza mto." Mwalimu akataka nimuulize Mama alilia siku gani.

Mama akanikazia macho. "Nililia wapi? Mi niliomba sufuria! Ile machozi njo ya huyu fundi, anaiweka kwa barua ya kila muntu!"

Wakongomani wenzetu tuliokuja nao kutoka kambini, waliokaa nyuma, wakaangua kicheko. Mwalimu akashika kalamu yake, akanigeukia kwa hamu.

"Anasema nini?"